Moduli Iliyonyamaza Alfajiri

Watu wa kartie, yaani mtaa, iliyo juu ya bandari ya Kituku mjini Goma humwita Kasereka Adalbert "Injenieri". Yeye mwenyewe, akiulizwa na mtu anayejua mambo ya masomo, husema haraka kwamba alimaliza shule ya ufundi tu kule Butembo, na mengine aliyajifunza kazini. Ni mtu mrefu, mwembamba, anayevaa shati jeupe hata siku ya kushika grisi, na bisibisi ndogo haikosekani mfukoni mwake. Alifika Goma akiwa kijana, akimfuata mjomba wake aliyeuza maharage, akaanza kwa kutengeneza amplifaya za kwaya parokiani. Baadaye alihamia kwenye vinu vya unga, kisha kwenye majenereta ya mahoteli, na kila alipopita aliacha jina zuri. Huimba besi kanisani. Mke wake, Sylvie, anauza vitenge sokoni. Kuliko shati, kuliko nyumba ya mbao anayoijenga polepole, Adalbert anathamini jambo moja: akisema mashine ina ugonjwa fulani, watu hawamwulizi mara ya pili.

Habari hii ni ya ile mara moja ambapo ingefaa wamwulize.

Ushirika wa maji wa kartie ulikuwa umejenga kituo kipya cha pampu kando ya ziwa. Pampu huvuta maji, maji yanatiwa dawa, kisha yanasukumwa hadi kwenye tangi lililo juu, upande wa Munigi, na kutoka huko yanateremka yenyewe mpaka kwenye robine, yaani mabomba ya mitaani. Si mtu anayeamua pampu iwake au izime. Anayeamua ni kompyuta ndogo ya viwandani iliyofungwa ndani ya kofre, yaani kabati la chuma la umeme. Mafundi wa Goma huiita otomate. Kule juu kwenye tangi kuna otomate nyingine inayopima kimo cha maji. Hizo mbili huongea kwa redio, na kila moja ina kifaa chake cha kuongelea, chenye ukubwa wa pakiti ya biskuti, kinachoitwa moduli ya mtandao. Ya juu ikisema tangi limejaa, ya chini inazima pampu. Ikisema maji yamepungua, ya chini inawasha. Na ya chini isiposikia chochote inazima pampu vilevile, kwa kuwa haiwezi kujua kama tangi linafurika. Adalbert ndiye aliyezifunga zote mbili kwa mikono yake.

Kituo kilikuwa na waangalizi wawili. Guylain alishika zamu ya mchana. Zamu ya usiku hadi jua lipande aliishika Gentil Baharanyi, mtu wa upande wa Bukavu, mwenye maneno machache, ambaye watu humwita Papa Joviale kwa jina la binti yake wa kwanza.

Kituo kilikuwa kimefanya kazi miezi michache tu wakati moduli ya chini ilipoanza kunyamaza. Ilinyamaza alfajiri, saa ileile ambayo akina mama hupanga bidoni zao, yaani madumu ya maji, kwenye robine. Taa yake, ambayo hutakiwa kumeta kijani, ilibaki nyekundu, na pampu zikazima kabla tangi halijajaa. Jua lilipopanda vizuri, mawasiliano yalirudi bila mtu kugusa kitu. Kila mara Adalbert alipofika na kompyuta yake mgongoni alikuta mambo yote ni mazima. Alizima na kuwasha, akakaza skrubu ambazo hazikuwa zimelegea, akaondoka akisema itakuwa sawa. Haikuwa sawa.

Siku moja alipoingia katika kituo alikuta waya mrefu sakafuni, umechomekwa simu nyingi zilizopangwa juu ya gunia.

"Hii ni nini, Papa Joviale?"

"Masimu ya bavuvi. Banatoka ku ziwa asubui, bananiachia nabachajia. Hakuna mubaya, Injenieri."

"Na waya yangu ya otomate, unaichomoa juu ya kuchomeka yako?"

"Ata siku moya! Prizi ya kuchomeka iko pale ku mulango. Kofre sifungue mie. Funguo niko nayo, lakini naogopa moto."

Moto, kwa watu wa Goma, ni umeme. Adalbert aliangalia zile simu, akaangalia kofre, na jambo zima likajipanga kichwani mwake kwa urahisi uliomfurahisha. Mawasiliano yalikatika kwa zamu ya Gentil tu. Kwa zamu ya Guylain hayakukatika hata mara moja. Fundi anayeheshimu kazi yake angejiuliza ni nini kingine, mbali na Gentil, ambacho huja alfajiri na kuondoka mchana. Adalbert hakujiuliza. Alikuwa amechoka kuitwa, na alikuwa amepata jibu.

Asubuhi iliyofuata robine zilikauka tena. Adalbert alipopita akina mama walimzunguka.

"Injenieri, leo tena robine inakohoa upepo tu! Tukunywe mate?"

"Batoto banaenda ku masomo na usingizi ku macho!"

"Mutu wa shati nyeupe, wewe uko unafulia wapi?"

Mama Nshobole, rais wa ushirika, mjane mnene mwenye sauti ya kutuliza ugomvi wa soko zima, aliinua mkono. "Mumuache aseme. Injenieri, mashine ya mupya hivi inagonjwa nini?"

Adalbert alipanda kwenye ngazi ya saruji ya robine ili wote wamwone.

"Mashine haigonjwe," alisema. "Mashine iko muzima. Mugonjwa ni mutu. Kuko mutu mwenye anachomoa waya ya otomate kila asubui, juu ya kuchaji masimu ya batu. Mumuulize Gentil."

Minong'ono ikapita katika mstari. Mmoja akasema, "Kumbe ni mwizi wa moto!" na neno hilo likarudiwa mpaka mwisho. Katikati ya mstari alisimama Bibiche, mke wa Gentil, na bidoni lake la njano. Alikuwa amebakiza watu wachache mbele yake. Alilinyanyua bidoni tupu, akaliweka kichwani kana kwamba limejaa, akaondoka.

Siku hiyohiyo Mama Nshobole alichukua funguo mikononi mwa Gentil. Guylain akapewa zamu ya usiku, na ndugu mmoja wa Guylain akapewa ya mchana.

Kwa siku kadhaa anga lilikuwa safi na maji yalitoka. Watu walimpongeza Adalbert barabarani, naye alipokea pongezi kwa kuinamisha kichwa kidogo, kama afanyavyo baada ya kuimba vizuri. Kisha likaja juma la ukungu. Uliinuka ziwani mzito, ukafunika mitumbwi ya Kituku hadi watu wakaitana kwa sauti bila kuonana. Simu ya Adalbert ililia kabla hajanawa uso.

"Injenieri, kitu yako imenyamaza," alisema Guylain. "Na mie hapa sina simu ya mutu, ata yangu sikuichomeka. Kuya ujionee mwenyewe, mbele hujasema kama ni mie."

Alikwenda. Kwa mara ya kwanza alifika wakati kosa likiwa bado lipo. Taa ilikuwa nyekundu, waya ulikuwa mahali pake, umekaa imara, na hapakuwa na mkono wa mtu. Adalbert alijilazimisha kufanya kazi ambayo alipaswa kuifanya tangu mwanzo.

Aliunganisha kompyuta yake moja kwa moja na moduli, akaiita kwa anwani yake ya mtandao. Haikujibu. Alibadilisha waya. Kimya. Alitafuta kama kuna kifaa kingine kilichopewa anwani ileile kwa bahati mbaya. Hakikuwepo. Alipima umeme unaoilisha moduli, ukawa sahihi; akapanda juu kuangalia antena, nayo ilikuwa nzima. Mwishowe alisubiri jua lipande, akaichomoa moduli, akaibeba mpaka Munigi kwa pikipiki, na kuibadilisha na ile ya kwenye tangi, kwa kuwa zilikuwa za aina moja.

Kesho yake ukungu ulirudi, ukapanda mpaka Munigi. Moduli iliyotoka Munigi ilimeta kijani kando ya ziwa bila wasiwasi. Iliyonyamaza ni ile iliyopelekwa juu. Kosa lilikuwa limehama pamoja na moduli.

Aliishusha, akaketi kwenye jiwe la lava nje ya kituo, akaifungua kwa bisibisi yake. Mahali ambapo waya huchomekwa kuna pini ndogo za shaba zilizopangwa karibukaribu. Katikati yake palikuwa na utando mweupe, na pembeni shaba ilikuwa imeota kijani. Aliukwangua utando huo kwa kucha, akauweka kwenye ulimi.

Chumvi.

Maji ya Ziwa Kivu hayaachi ladha hiyo. Adalbert alikaa na ladha ile mdomoni, na taratibu, bila kutaka, akaanza kukumbuka siku ya uzinduzi.

Siku hiyo kulikuwa na viti vya plastiki, turubai, na kwaya yake mwenyewe. Padri Cirimwami alikuja kubariki kituo, kama inavyofanyika kwa nyumba mpya, kwa pikipiki mpya, kwa duka jipya. Padri huyo ni wa utaratibu wa zamani: hutia chumvi katika maji kabla ya kuyabariki. Adalbert alilijua hilo kuliko wengi, maana utotoni alikuwa mtumishi wa altare na kazi yake ilikuwa kushika kisahani cha chumvi. Padri alinyunyizia mlango, akanyunyizia kuta, akanyunyizia mapampu. Alikuwa ameshageuka kuondoka wakati Adalbert alipofungua kofre kwa mikono miwili, taa zote ndani zikiwaka, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Padri, na huku pia. Hiki ndicho kichwa chake."

Jioni alimwomba Sylvie picha za siku ile.

"Unaziangalia tena, Papa Charline?" alisema Sylvie akicheka, kwa kuwa binti yao anaitwa Charline. "Ile yenye uko unafungua mulango njo nilitia ku WhatsApp. Unaonekana sawa minisita, waziri kabisa."

Adalbert alichukua simu, akaipanua picha kwa vidole viwili. Yeye mwenyewe alionekana akitabasamu, akiwatazama wapiga picha wala si kofre. Nyuma ya bega lake matone yalikuwa yamenaswa hewani, na mengine yalishatua, yakang'aa juu ya moduli. Sasa kila kitu kilieleweka. Maji yalikuwa yamekauka na kuacha chumvi kati ya pini. Chumvi hunyonya unyevu. Ukungu wa alfajiri ulipoingia katika kofre, ule utando ulilowa, umeme ukavuja kutoka pini hadi pini, na moduli ikapotewa na sauti. Jua lilipopasha chuma, utando ulikauka na sauti ikarudi. Gentil alikuwa mahali pamoja na ukungu, kwa saa zilezile za ukungu. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake lote.

Alimweleza Sylvie. Sylvie aliacha kucheka.

"Na Gentil?" aliuliza.

"Kesho naenda kuongea na Mama Prezidante."

Alikwenda kweli. Njiani alipanga maneno yake, lakini kila alipofika kwenye neno "nilifungua" alihisi kama anavuliwa shati hadharani. Mbele ya meza ya Mama Nshobole maneno yalitoka mengine.

"Nimepata ugonjwa, Mama. Ni unyevu. Ukungu uliingia ndani ya kofre, ukaharibu pini. Nimezisafisha na alikoli na mswaki. Itafanya kazi, lakini pini moja imeliwa sana, inafaa tuagize moduli ingine Kampala."

Mama Nshobole alipiga makofi mara moja. "Niliwaza vile! Gentil alikuwa anaacha mulango ya kofre wazi, akiingiza mawaya yake ya masimu. Ulisema kweli, Injenieri. Yule mutu ni ya kufukuza kabisa. Kesho kutwa tunaketi na komite, tunamaliza maneno yake."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Haikuwa nafasi ndogo. Mama Nshobole alijimiminia chai, akakoroga. Adalbert aliangalia kijiko kikizunguka. Kisha akaaga.

Nje, mwanamke mmoja alimsalimu, "Injenieri, aksanti ya mayi!" naye akaitikia kwa mkono. Baadaye alimwambia Sylvie kwamba salamu ile ndiyo iliyomuumiza kuliko yote. Sylvie hakumbembeleza. Alimwambia tu, "Mbele komite haijaketi, ufike kwa Gentil."

Gentil anaishi katika nyumba ya mbao iliyokaa juu ya mawe meusi ya lava, kwenye njia nyembamba ambayo pikipiki haipiti. Adalbert alifika jioni akiwa na kilo ya sukari na sabuni katika mfuko. Gentil alikuwa ametoka kubeba magunia ya makaa kwenye bandari ya Kituku, kazi aliyoipata baada ya kutolewa kituoni. Shingo yake ilikuwa bado nyeusi kwa vumbi la makaa. Bibiche alimpa mgeni kiti, maana mgeni hupewa kiti, akapita nyuma ya pazia.

"Papa Joviale," alisema Adalbert, "nimekuya kuomba musamaha."

"Ya nini?"

Adalbert alikuwa ametumaini kwamba hilo halitaulizwa. Akaanza kusimulia: ukungu, moduli, Munigi, chumvi, picha, mlango wa kofre. Gentil alimsikiliza akijikwangua makaa kwenye kucha.

"Mayi ya baraka," alisema mwishowe.

"Njo vile," alikubali Adalbert.

"Na Mama Prezidante, umemuambia?"

"Nilimuambia ni unyevu."

"Akasema nini?"

"Akasema... uliacha mulango ya kofre wazi."

"Na wewe ukasema nini?"

Adalbert aliangalia viatu vyake.

"Injenieri, niko nakuuliza. Ukasema nini?"

"Nilinyamaza."

"Sawa na ile mashine yake!" ilisema sauti ya Bibiche nyuma ya pazia.

Gentil hakucheka. Aliusukuma ule mfuko wa sukari kwa mguu, taratibu, mpaka ukarudi karibu na kiti cha mgeni.

"Hiyo urudie nayo. Nimekusikia, Injenieri. Lakini hapa ndani hakuna mutu mwenye ananiona mwizi. Bibiche ananijua. Batoto bananijua. Musamaha ya hapa itanisaidia nini? Ulinisemea ku robine, banamama bote bakiwa pale. Bibiche anateka mayi ku kartie ingine sasa, anapanda na bidoni ku mawe, juu asikutane na macho ya batu. Kwenye ulisemea, wende useme kule. Na wende asubui. Muchana hakuna batu."

"Nikisema ni mayi ya Padri, batu banaweza kukasirika. Batasema natukana baraka."

"Hiyo ni yako," alisema Gentil. "Mie banakasirika na mie, na sikutukana kitu."

Adalbert alirudi nyumbani na sukari yake. Asubuhi ya komite alimpigia Mama Nshobole simu, akamwomba afike kwenye robine kabla ya kikao. Mstari ulikuwa mrefu. Alifikiri kungoja upungue, kisha akaona kwamba akingoja ataondoka. Bibiche alikuwepo, mwisho kabisa wa mstari, na bidoni lake la njano, macho yake kwenye mlima.

Hakupanda ngazi. Alisimama chini, karibu na matope, na ilimbidi apaze sauti.

"Banamama, siku ile nilisema hapa kama Gentil anachomoa waya. Ilikuwa bongo, uongo tupu."

"Bongo ya nani?" aliuliza mmoja.

"Yangu. Gentil hakugusa kitu. Aliyeharibu ni mie."

Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyikana kwa woga, nusu cha nyumbani na nusu cha shuleni. Akaeleza. Alipofika kwenye maji ya baraka, mama mzee mwenye rozari shingoni alijipigia ishara ya msalaba.

"Weye! Unataka kusema mayi ya Padri njo ilituzimia mayi?"

"Hapana, mama. Padri alibariki kazi, na alikuwa anaenda yake. Mie njo nilimurudisha. Nilifungua kofre na moto ndani, kitu fundi hafanye, juu nilitaka kupigwa foto."

Kicheko kikalipuka.

"Eeh, ile foto! Ile ya ku WhatsApp ya bibi yake!"

"Mutu ya shati nyeupe, kumbe ulikuwa unajibariki wewe!"

"Alitaka otomate iende mbinguni!"

Adalbert alisimama akawaacha wacheke. Masikio yake yaliwaka. Alijua kwamba maneno hayo yataimbwa kwa miezi, kwamba mtoto wa mtu atayarudia mbele ya Charline shuleni, na kwamba mahali pengine, mbele ya kinu au jenereta, mtu atamwuliza mara ya pili, labda na ya tatu. Kicheko kilipopungua, Mama Nshobole alisogea mbele. Yeye hakuwa amecheka.

"Na mie, ku meza yangu ya biro, uliniambia ni ukungu."

"Njo, Mama."

"Nikasema Gentil aliacha mulango. Ukanyamaza."

"Nilinyamaza, Mama."

"Ungeniacha nimufukuze baba ya batoto, leo, na kalamu yangu." Alisema hivyo polepole, na pale ndipo wengine nao wakaacha kabisa kucheka. "Gentil anarudia kazi yake. Ku komite nitasema vile. Na wewe, Injenieri, siku ingine ukileta ugonjwa ya mashine, uniletee na ushuhuda."

Bibiche alitoka mwisho wa mstari, akapita wanawake wote mmoja baada ya mwingine, akaweka bidoni lake chini ya robine. Hakuna aliyemwambia arudi nyuma. Maji yalipojaa mwanamke aliyemwita Gentil mwizi wa moto alimsaidia kulipandisha kichwani. Bibiche alimpita Adalbert karibu sana, maji yakimdondokea begani, na hakumtazama.

Moduli mpya ilichelewa. Ilikaa mpakani Bunagana kwa sababu za forodha, ikafika Goma ikiwa ndani ya gunia la bidhaa za mtu mwingine. Adalbert alishuka nayo kituoni asubuhi, kabla Gentil hajamaliza zamu. Walisalimiana. Gentil alimfungulia kofre kwa funguo zake, akasimama kando, mikono nyuma.

Kazi haikuchukua muda. Adalbert alikata umeme, akachomoa moduli ya zamani, akaweka mpya, akaipa anwani ileile, akawasha. Kijani kikameta. Akaiita kutoka kwenye kompyuta, ikamjibu; akaiita tena, ikajibu.

"Ile ya zamani," alisema Gentil, "unionyeshe fasi yenyewe yenye iliharibika."

Adalbert aliifungua, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akamwonyesha pini kwa ncha ya bisibisi: hii iliyoota kijani, hii iliyoliwa, na hapa palipokuwa na utando. Gentil aliinama. Aliangalia kwa muda mrefu, uso wake karibu uguse kile kifaa, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye mguu wa mtoto.

"Kadogo hivi," alisema.

"Kadogo hivyo."

"Na mie nikaitwa mwizi."

Adalbert alibaki ameishika moduli mkononi, mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimchafulia jina. 

"Uniachie hii," alisema Gentil.

"Haitumike tena, Papa Joviale. Imekufa."

"Najua. Batu bakikuya ku nyumba, nitabaonyesha. Na Joviale aione."

Ilipaswa kurudishwa kwenye ofisi ya ushirika pamoja na karatasi za ununuzi. Adalbert alirudisha kifuniko, akakaza skrubu zake zote, akampa kwa mikono miwili. Gentil aliipokea, akaifunga katika mfuko wa plastiki, akaitia ndani ya koti. Kisha akafunga mlango wa kofre, akajaribu kwa kiganja kama umefungika kweli, akaenda kusikiliza pampu.

Adalbert alikusanya vyombo vyake peke yake. Alipokuwa akipanda kuelekea barabarani aliona akina mama wameshaanza kupanga bidoni kwenye robine. Mmoja alimwona kwa mbali, akamgusa mwenzake kwa kiwiko. Kulikuwa na njia nyingine ya kupitia nyuma, kwenye mawe. Adalbert aliitazama, kisha akaendelea kwa njia ya robine, akiwasalimu kabla hawajamsalimu.